Jinsi Cheche Alivyokataa Kumwua Mama Chumvi

Palikuwa na fundi wa kuchomelea vyuma ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche. Alikuwa na tabia mbili ambazo mkewe alizikuta ndani ya nyumba na kuzivumilia: kukoroma, na kusoma vitabu vinene. Kukoroma kulikuwa na dawa, maana mtu humpiga kiwiko. Vitabu havikuwa na dawa. Vilikuwa vya kigeni, kila kimoja kama tofali, na ramani ya nchi isiyokuwapo kwenye kurasa za mwanzo na majina ya koo kwenye kurasa za mwisho. Katikati hapo wafalme, majoka, wachawi na mashemeji zao walikuwa wakichinjana. Mkewe alivihesabu kuwa wake wenza. Alisema afadhali angeletewa mke mwenza wa nyama na damu, huyo angalau angesaidia vyombo.

Lugha ya vitabu hivyo Cheche aliiokota ujanani, kwenye mradi wa kujenga daraja, ambako msimamizi alikuwa mgeni na matusi yake yalihitaji mkalimani. Daraja lilipokwisha msimamizi akarudi kwao, akamwachia mkalimani wake sanduku la vitabu alivyochoka kuvibeba. Cheche alifungua kimoja ili aone tu kama kina picha. Hakutoka tena.

Kilichomnasa ni kwamba hadithi hizo hazikuwa za mtu mmoja. Sura hii unatembea ndani ya kichwa cha jemadari; sura ijayo umo kichwani mwa yule ambaye jemadari anataka kumwua; na kila ukiwa kwa mmoja unaona ana haki, wenzake ndio wabaya. Cheche alisema ni sawa na kuishi nyumba ya kupanga. Kila mlango una habari yake kuhusu nani alimaliza maji.

Mama mkwe wake hakuwa na habari na hayo, wala hakuzitaka. Wakati wa posa aliuliza kijana anapenda nini, na mshenga akajibu kwa fahari kwamba anapenda kusoma. Mama akafurahi, akidhani ni mambo ya dini au ya sheria. Alipoambiwa ni mambo ya majoka, alinyamaza kama mtu aliyenunua mbuzi gizani na sasa kumekucha. Tangu hapo wakawa wanaheshimiana kwa mbali. Mkwe akimwona mama anainamisha macho, anaamkia, anauliza hali ya nyumbani, kisha anakumbuka kazi fulani huko nje.

Ndipo jicho la mama likaharibika. Lile la pili lilikuwa limekwisha kuzeeka, likitofautisha mchana na usiku na si zaidi, kwa hiyo hili ndilo lililokuwa likimwendesha. Daktari alieleza kwamba utando wa nyuma ya jicho umebanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Wakaurudisha mahali pake, wakatia kipovu cha hewa ndani kiugandamize. Na kwa kuwa hewa hupanda juu, mama akaamriwa alale kifudifudi, au akikaa awe ameinamisha kichwa, kwa majuma mawili. Asiinuke kuangalia dari, asigeuke kuangalia mtu. Akikaidi, jicho litamkaidi vilevile.

Alikuwa na watoto sita, na wote wakapatwa na shughuli kwa pamoja. Kifungua mimba, wakala wa bima ambaye ndugu zake walimwita Wakili kwa sababu alishindwa mitihani ya sheria na hakuacha kuizungumzia, alisema nyumba yake ina ngazi. Mwingine alisema nyumba yake haina nafasi. Mzigo ukamshukia kitinda mimba, mke wa Cheche, ambaye alikuwa mwuguzi wa zahanati na hakuwapo nyumbani tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Lakini karakana ya Cheche ilikuwa uani hapohapo. Kwa hiyo mtu wa kubaki na mama akawa mkwe.

Mtu akishindwa kusema na mama mkwe wake anaweza angalau kumtengenezea kitu. Cheche alichukua vyuma vya mraba akamchomelea benchi refu, akalivika godoro la sponji, na upande wa kichwa akaacha tundu la duara, lililofungwa kitambaa laini pembeni, la kuingizia uso. Mama akalala hapo kama gari lililopandishwa gereji. Alichoweza kuona ni kipande cha sakafu, na mtu akipita karibu, miguu yake. Neno lake la kwanza kwa mkwe kutoka chini ya benchi lilikuwa kwamba akate kucha.

Siku mbili alisikiliza redio, ya tatu akaamuru izimwe, kwa kuwa wale watu wa redio wana habari moja tu na wanaizungusha kama ng'ombe wa kinu. Mchana huo Cheche alijibanza dirishani na kitabu, karibu ili asikie akiitwa, mbali ili asionekane anamlinda. Akasahau aliko, akacheka.

"Unacheka nini, baba?" sauti ikauliza kutoka sakafuni.

Akasema ni kitabu. Kinasemaje? Akasema kuna jemadari aliyekatwa sikio, naye anajibu maswali ambayo hakuulizwa. Mama akafikiri kidogo, kisha akasema amjua mtu wa namna hiyo na ana masikio yote mawili. Akamwambia asome kwa sauti.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Cheche alivuta kigoda karibu na benchi, akafungua tangu ukurasa wa kwanza wa kitabu alichokwisha kukisoma, akawa anageuza maneno kwa Kiswahili kadiri anavyokwenda. Ajabu ni kwamba aibu haikumshika. Mama haoni uso wake, yeye haoni uso wa mama. Heshima yote iliyotakiwa baina yao ilikuwa imekwisha timizwa na benchi.

Majina yalikuwa balaa, herufi zimesongamana kama watu mlangoni panapogawiwa vya bure. Mama hakuhangaika nayo, akayabatiza upya. Jemadari akawa Sikio Moja. Mwanamke aliyejifanya mtawa ili aibe hazina za mahekalu akawa Sista Mwongo. Mtoto wa mfalme aliyetupwa kisimani sura ya pili akawa Kisima, hata alipotoka. Na malkia mzee, mjane, aliyetawala migodi ya chumvi na kuwafanya wakwe zake watetemeke wakisikia fimbo yake ikigonga sakafu, huyo akawa Mama Chumvi.

Kilichomkera mama ni ule utaratibu wenyewe wa kuhamahama. Kisima ananing'inia kwenye kamba iliyobakiza uzi mmoja, mara sura inakwisha, na inayofuata ni Sista Mwongo anakula chakula cha mchana.

"Tumemwacha mtu kisimani," alisema mama.

"Tutamrudia, Mama. Ndivyo kilivyoandikwa."

"Basi aliyekiandika hakulelewa. Mgeni humwachi mlangoni ukaenda kupiga soga na wa jikoni."

Lakini siku ya pili yake alianza mwenyewe kuuliza Sista Mwongo amefika wapi, na siku iliyofuata akamtetea. Alisema yule binti haibi kwa tamaa, anaiba kwa sababu amelelewa na wezi wanaosali, na yeye anawajua wezi wanaosali, alikaa nao kamati moja.

Taabu kubwa ilitokea Sikio Moja alipofika nyumba ya wageni na kukuta mwenye nyumba ni mjane mchangamfu. Cheche alikumbuka kurasa zilizofuata jasho likimtoka. Akasoma kwamba jemadari alipanda ngazi, akavua upanga, akavua viatu, na kukapambazuka.

"Usiku wa nchi hiyo ni mfupi," mama akasema. "Nimezaa watoto sita, baba. Sikuwaokota sokoni."

Cheche akaomba udhuru, akaenda karakanani, akapiga msasa chuma ambacho hakikuhitaji msasa. Aliporudi wakaendelea kuanzia asubuhi, na hakuna aliyelitaja tena jambo hilo.

Mama Chumvi ndiye aliyekuwa roho ya mama. Sura zake zikifika, mama aliacha kulalamika juu ya shingo. Malkia yule alikuwa hasemi "tafadhali" wala "asante", na alipowekewa kiti cha pembeni kwenye baraza la wafalme alibaki amesimama mpaka wote wakaona haya kukaa. Mama alirudia maneno yake kwa binti yake jioni, akiagiza uji. Binti akamuuliza mumewe jikoni kwa kunong'ona amemlisha nini mama yake.

Sasa Cheche alijua jambo ambalo mama hakulijua. Kabla kitabu hakijafika katikati, Mama Chumvi anakufa. Wachimbaji wake wanagoma, anashuka mgodini peke yake kuzungumza nao, na mwanawe mwenyewe, mrithi, anaamuru lango la mgodi lifungwe na kuzibwa kwa mawe. Mara ya kwanza aliposoma hapo, Cheche alikiweka kitabu chini na hakugusa chakula. Sasa alitakiwa amsomee hayo mama mjane, aliyelazwa kifudifudi, mwenye watoto watano wenye shughuli.

Siku ilipofika akatazama ukurasa. Akatazama mgongo wa mama mkwe, uliokuwa unapanda na kushuka taratibu, na vidole vyake vilivyokuwa vimeshika ukingo wa benchi kwa hamu. Akasoma mpaka mawe yanaanza kushushwa. Kisha mdomo wake ukasema kwamba upande wa kushoto, nyuma ya rundo la chumvi, kulikuwa na mlango mdogo wa chuma.

Mama akashusha pumzi. Mama Chumvi akatoka.

Uongo wa kitabuni ni kama uongo mwingine wowote, unataka kulishwa kila siku. Wale wahusika wengine walikuwa wanamwomboleza malkia kwenye sura zao, kila mmoja kwa namna yake, na Cheche alilazimika kuwanyamazisha. Mrithi alipotokea amevaa nguo nyeusi, mama aliuliza kulikoni, naye akasema nyingine zote zilikuwa zimefuliwa. Sikio Moja alipopiga magoti na kulia, ilikuwa ni jino. Mama Chumvi mwenyewe alipewa sura mpya kabisa, za kutembea nchi kavu akijificha na kukusanya jeshi, na kwa kuwa Cheche hakuwa na mahali pa kuzitoa ila kichwani mwake, malkia akaanza mambo ya ajabu. Kila ngome aliyofika alikagua bawaba za malango. Aliwakaripia walinzi kwa kupaka rangi juu ya kutu.

Jioni moja mke wa Cheche aliwahi kurudi. Akasimama mlangoni, akaona mumewe anasoma kwa ufasaha, kitabu kikiwa kimefungwa magotini. Akamwita uani. Cheche akaeleza yote kama mwizi aliyekamatwa na kuku. Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka na kusema mama yake hapendi kudanganywa, na kwamba yeye hayumo. Cheche akasema zimebaki siku chache, kipovu kinyonywe na mwili, mama aende kwake na malkia wake mzima, nani ataumia?

Jumamosi Cheche akaitwa kusimika geti kwa mteja, na siku hiyohiyo Wakili alipata nafasi ya kuja kumwona mama yake. Mama alikuwa anamngoja msomaji kwa uchu. Wakili, ambaye hakutaka isemwe kwamba fundi vyuma anasoma kumshinda, alisema lete hicho kitabu. Alikuta kipande cha msasa ambacho Cheche alitumia kushika ukurasa, akafungua hapo, akasoma kwa sauti ya mahakamani huku akigeuza kwa Kiswahili, maana sheria aliisoma kwa lugha hiyohiyo.

Ilikuwa ni siku ya maziko yasiyo na maiti. Mrithi amesimama mbele ya lango lililozibwa, analia mbele ya watu, anasema mama yangu, mama yangu.

Cheche aliporudi alimkuta shemeji yake kasimama katikati ya chumba, kitabu mkononi. Wakili akamwambia kwamba mama amechanganyikiwa, huenda ni dawa, anashikilia kwamba huyu bibi yuko hai na kitabu kimeandika waziwazi kwamba amekufa. Cheche alitazama sakafu, mahali ambapo mama naye alikuwa anatazama.

"Alikufa lini?" mama akauliza.

"Mgodini, Mama. Hakukuwa na mlango."

"Na wewe ukaniona siwezi."

Cheche akasema hakuona hivyo, aliona tu kwamba mama anampenda, na yeye mwenyewe alishindwa. Mama hakupaza sauti. Akawaambia wote wawili wakae chini, sakafuni, aione miguu yao. Wakakaa, wakala wa bima na suti yake, fundi na ovaroli lake.

Kisha akasema maneno ambayo Cheche hakuwahi kuyasikia, na ambayo Wakili aliyajua vizuri mno. Kaka yake wa ziwa moja alifariki mwaka ambao mama alilazwa kwa shinikizo la damu. Watoto wakaketi wakakubaliana asiambiwe. Wakamwambia mjomba wao amesafiri kikazi. Wakazika, wakarudi, wakabadilisha nguo kabla ya kuja wodini.

"Nilipotoka hospitali nilimnunulia shati la sikukuu," alisema mama. "Nikamchagulia na rangi. Mkaniacha nitembee dukani nikimpimia shati mtu aliyekwisha oza. Nyote mlikuwa mnanipenda siku hiyo, sikatai."

Wakili alifungua mdomo, akataja daktari, akataja presha. Mama akamwambia anyamaze, hapa si mahakamani. Ndipo Wakili akasema kwa sauti ndogo, ambayo Cheche hakujua kwamba shemeji yake anayo, kwamba yeye ndiye aliyetoa shauri lile, na kwamba shati lile aliliona kitandani limekunjwa akashindwa kukaa. Mama akasema anajua ni yeye. Wengine wasingeweza kupanga kitu kirefu hivyo.

Hapo akamgeukia mkwe, kwa kadiri mtu wa kifudifudi anavyoweza kugeuka.

"Soma, baba. Soma alivyokufa, usiniwekee mlango."

Cheche akachukua kitabu. Akarudi pale mawe yanaposhushwa, akasoma yaliyoandikwa. Malkia anasikia lango likizibwa na anaitambua sauti ya mwanawe akitoa amri. Hamwiti. Anawaambia wachimbaji waliofungiwa pamoja naye wakae karibu ili wapate joto, na anawauliza majina yao mmoja mmoja, kwa kuwa miaka yote aliwatawala bila kuyajua. Taa inazimika mchimbaji wa tatu kutoka mwisho anapotaja lake. Sura inakwisha.

Wakili alikuwa anapangusa pua kwa tai. Tone moja likaanguka kutoka kwenye tundu la benchi hadi sakafuni, kisha jingine. Cheche akakumbuka habari ya jicho akaogopa, akauliza kama amwite mkewe.

"Niache," mama akasema. "Nalia na mtu wangu." Akavuta kamasi. "Amekufa vizuri. Huyu ndiye mwenyewe. Yule wako alikuwa ameanza kunichosha, kila siku bawaba, bawaba. Nilidhani uzee umemwingia."

Cheche akasema alijitahidi. Mama akamwambia abaki na mageti, na kwamba anadaiwa sura zote alizozipindisha. Wakalazimika kurudi nyuma. Sikio Moja akalia upya, safari hii bila jino, na nguo nyeusi za mrithi zikawa nyeusi. Mama aliomba hasa sura za huyo mrithi. Cheche alidhani atamlaani. Mama aliisikiliza mpaka mwisho namna kijana alivyoogopa, namna alivyokuwa hajalala, namna alivyojidanganya kwamba kuna njia nyingine ya kutokea huko chini. Mama akasema ni mpumbavu na hatamsamehe, lakini asome inayofuata. Wakili alibaki siku hiyo mpaka chakula cha jioni. Jumapili akarudi, akajifanya amesahau miwani.

Kipovu kilinyonywa. Daktari alimulika jicho akaridhika, akamruhusu mama anyanyue kichwa. Mistari iliyonyooka aliiona imepinda kidogo, akaambiwa huenda itanyooka na huenda isinyooke. Alipofika nyumbani kufunga virago alimtazama mkwe wake uso kwa uso, na kwa mara ya kwanza mkwe hakukumbuka kazi ya nje. Mama akasema mlango wa chumba umekaa upande. Cheche akasema ni jicho, Mama. Mama akasema ni mlango. Wakapima, ulikuwa mlango.

Akaenda kwake. Huko aliwasimulia jirani zake kitabu kizima kwa kumbukumbu, akahukumu apendavyo, na kwa Sikio Moja na yule mjane hakuona haja ya kuharakisha mapambazuko. Kila Jumapili alipiga simu kutaka kitabu cha pili. Binti yake akipokea aliulizwa hujambo, watoto hawajambo, mpe mumeo.

Mwaka haukugeuka, mjane wa yule kaka wa mama akafariki. Huyu wifi na mama hawakuiva chungu kimoja tangu ujana. Walikuwa wakisalimiana kupitia watu wengine. Habari zilifika kwa watoto asubuhi. Mmoja akasema kwenye simu kwamba mama hana haja ya kusumbuliwa, tangu mwanzo hawakupatana, na lile jicho, na ile presha, aambiwe baada ya maziko. Wakili ndiye aliyemkatiza. Hakutoa hoja wala kifungu cha sheria. Alichukua gari akaenda mwenyewe mpaka kwa mama yake, akamwambia amesimama mlangoni, kabla hata ya kukaribishwa.

Mama aliuliza maziko ni saa ngapi. Akavaa, akafika kabla ya jeneza, akachukua kiti cha mbele ambacho hakuna aliyempa. Akalia mpaka akatosheka. Kisha akajifuta uso, akamwambia binti yake aliyekaa pembeni kwamba marehemu alikuwa na roho mbaya na mkono mzito wa kutoa, lakini hakuna mtu katika ukoo ule aliyejua kupanga nyumba kama yeye, na kwamba wale wanaopitisha chai wanapaswa kuanzia mstari huu.